Jezi Tatu za Mitumba: Nani Alaumiwe kwa Buffalo Sabres?

Hotuba kwa wakazi wa Buffalo, New York, wanaozungumza Kiswahili. Septemba 2025.

Wazee wangu, shikamooni. Wamama, wababa, ndugu zangu, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, hamjambo. Mwenyekiti ameniomba niseme neno kuhusu hoki ya barafuni, kwa sababu watoto wetu wameanza kuipenda na wazazi wanaulizana huu ni mchezo gani. Nimekubali kwa moyo wote. Ila sitaanza na sheria za mchezo. Nitaanza na nguo.

Hizi ni jezi tatu za timu yetu ya mji, Buffalo Sabres. Zote nimezinunua kwenye duka la mitumba, kila moja kwa wakati wake. Hii ina namba 90 mgongoni, na jina O'Reilly. Hii ni namba 9, Eichel. Na hii ni 23, Reinhart. Iliyonigharimu zaidi nililipa dola 12. Jezi kama hizi zikiwa mpya zinazidi dola 150. Mama, hebu ishike hii, uipapase kwenye ukosi. Haijachakaa hata kidogo. Mtu aliivaa mara tano au sita, akaifua, akaikunja vizuri, kisha akaitia kwenye mfuko wa vitu vya kutoa.

Wenye majina haya waliondoka, ndiyo maana jezi zao ziko mitumbani. Na walivyoondoka mambo yakawa hivi. Ryan O'Reilly alipelekwa St. Louis Julai 2018. Juni 2019, hata mwaka haujatimia, alibeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi ya hoki, akatangazwa mchezaji bora wa hatua yote ya mtoano. Jack Eichel, aliyekuwa nahodha wetu, alipelekwa Vegas Novemba 2021. Juni 2023 naye akabeba kombe, na katika mtoano ule hakuna mchezaji wa timu yoyote aliyekusanya pointi, yaani mabao na pasi za mabao, kumzidi. Sam Reinhart alipelekwa Florida Julai 2021. Msimu wa 2023-24 alifunga mabao 57, na fainali ilipofika mechi ya saba, ile ya kufa na kupona, bao la ushindi lilikuwa lake. Mwaka huu mwezi wa sita Florida wamelibeba tena, na katika mechi ya kufungia kazi Reinhart peke yake alifunga mabao manne.

Jezi tatu, makombe manne, na nembo iliyo kifuani ni ya Buffalo.

Vijana mnajua hesabu hii, lakini wazee waisikie. Ligi yenyewe, inayoitwa NHL, ina timu 32. Msimu wa kawaida ukiisha, timu 16 zinaingia hatua ya mtoano. Nusu nzima. Haihitaji kuwa bingwa wala wa tano. Uwe tu miongoni mwa nusu bora. Sabres walicheza mtoano mara ya mwisho Aprili 2011, wakatolewa na Philadelphia katika mechi ya saba. Tangu hapo hadi msimu wa 2024-25 hawajarudi. Misimu 14 mfululizo, na hakuna timu katika historia yote ya ligi hiyo iliyowahi kukaa nje muda mrefu namna hiyo. Tulipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tulirusha sarafu, kichwa au mwenge, tukibishana nani ataanza na mpira. Rusha sarafu mara 14 ukiomba kichwa, na mara zote 14 ije mwenge. Jambo hilo hutokea mara moja katika majaribio 16,384. Kwa hiyo tusiite hili bahati mbaya. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, ligi ilipanua mlango ikaziita timu 24 kati ya 31 zilizokuwapo. Buffalo hawakuwamo hata hapo.

Binti yangu amezaliwa hapa 2016. Yule pale mbele, mwenye jezi ya bluu. Hajawahi kuona timu ya mji wake ikicheza mechi moja ya mtoano.

Sasa, nani alaumiwe? Swali hili nimelisikia kinyozini, nimelisikia kazini, nimelisikia hata nje ya kanisa baada ya ibada. Kila mtu ana mtuhumiwa wake mfukoni, nami nataka tuwapitie.

Wengi huanza na wachezaji. Wakati Eichel ni nahodha watu walisema hana moyo, ananuna, anajipenda. Alipoumia shingo mwaka 2021, yeye alitaka apasuliwe na kuwekewa diski ya bandia, madaktari wa timu wakataka njia nyingine ya kuunganisha mifupa, na timu ndiyo iliyokuwa na haki ya kuamua. Walivutana miezi mingi. Mwishowe akavuliwa unahodha, akapelekwa Vegas, huko akafanyiwa upasuaji alioutaka, akapona, akawa bingwa. Aliporudi hapa kucheza kama mgeni, Machi 2022, uwanja mzima ulimzomea kila alipogusa kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira. Baada ya mechi akasema hajawahi kuusikia uwanja huu ukiwa na sauti kubwa hivyo, na kwamba imechukua miaka saba na yeye kuondoka ndipo watu wakaingia mchezoni. Maneno makali, yaliwachoma watu, na hata mimi yalinichoma. Lakini nikajiuliza: huyu mvivu wa Buffalo, Vegas alinyweshwa dawa gani? Na O'Reilly je? Na Reinhart? Mchezaji mmoja akiondoka akang'aa, unaweza kusema amebadilika. Wakiondoka watatu, wote wakawa mabingwa, basi tazama shamba walikopandwa kwanza.

Yupo na Jeff Skinner. Alikaa Buffalo misimu sita. Mwaka 2024 timu ikaamua kumlipa fedha za kuvunja mkataba wake ili aondoke. Akaenda Edmonton, na Aprili mwaka huu akaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza maishani, akiwa amekwisha cheza zaidi ya mechi 1,000 za ligi. Zaidi ya elfu moja! Mtu wa namna hiyo simlaumu. Namhurumia.

Wa pili katika foleni ya lawama ni kocha, na hapa sisi watu wa Simba na Yanga ni mabingwa. Timu ikitoka sare mbili, jioni hiyo hiyo redioni, kocha afungashe virago. Buffalo wamefanya hivyo kwa bidii. Lindy Ruff alikuwa kocha hapa tangu 1997, akafukuzwa Februari 2013. Baada yake wakaja Rolston, Nolan, Bylsma, Housley, Krueger na Granato. Makocha sita. Kisha mwaka jana, 2024, akarudishwa nani? Lindy Ruff yule yule. Yaani tumezunguka kijiji kizima tukarudi kwenye nyumba tuliyotokea. Na hawa si watu wasiojua kazi. Bylsma alikuja hapa akiwa tayari ameshatwaa kombe na Pittsburgh mwaka 2009. Ruff, kabla ya kurudi, aliiongoza New Jersey kupata pointi 112 kwa msimu, na haijawahi kupata zaidi. Ukibadilisha dereva mara saba na gari bado linavuta upande mmoja, funua boneti.

Waamuzi nawapita haraka. Najua wazee wa Kimarekani wa mji huu bado wana kidonda cha Juni 1999, fainali dhidi ya Dallas, pale Brett Hull alipofunga bao la ubingwa usiku wa manane, muda wa nyongeza wa tatu, mguu wake ukiwa ndani ya eneo la kipa. Kidonda hicho ni halali. Ila mwamuzi wa 1999 hawezi kubeba miaka 14 hii.

Sasa nifike kwenye minazi. Wengine mnaijua habari hii, wengine mtashangaa. Desemba mwaka jana timu ilikuwa katikati ya kipindi kibaya mno, ilikuja kumaliza mechi 13 bila ushindi. Meneja mkuu, Kevyn Adams, alikaa mbele ya waandishi kueleza kwa nini ni vigumu kuwashawishi wachezaji wazuri waje Buffalo. Akasema hapa hatuna minazi, na jimbo la New York lina kodi. Mashabiki wakaanza kuja uwanjani na minazi ya plastiki, ile ya kupuliza. Niliuona mmoja mkononi mwa mtoto mdogo, akiupepea kama bendera.

Ndugu zangu, neno lile liliniuma kuliko kufungwa. Kila mmoja aliyekaa kwenye ukumbi huu aliletwa Buffalo bila kuulizwa kama anapenda theluji. Wengine tulitoka Uvira, tukapita Kigoma, tukaishi kambini miaka kumi na zaidi, na wapo walioshuka kwenye ndege hapa mwezi wa kwanza na kandambili. Minazi na michikichi tunaijua kuliko meneja yeyote. Na bado tumejenga hapa. Tumechukua nyumba zilizokuwa zimeachwa wazi huko West Side, tumefungua maduka, tumeanzisha makanisa na msikiti, watoto wamemaliza shule. Mji huu hauhitaji kuombewa radhi. Na hoja yenyewe haisimami. Winnipeg ni baridi kuliko hapa, na msimu uliopita Winnipeg ndiyo iliyoongoza ligi nzima kwa pointi. Edmonton haina mnazi hata wa dawa, imecheza fainali mbili mfululizo. Mchezaji haogopi theluji. Amejifunzia mchezo wake juu ya barafu. Anaogopa kupoteza miaka yake.

Nikaribie sasa kwenye kiini, na hapa naomba utulivu kidogo, maana lazima nimtaje na shabiki, nami ni shabiki.

Kazi yangu ya kwanza ya usiku nilipofika hapa, vuli ya 2015, ilikuwa kusafisha viti uwanjani baada ya mechi. Uwanja mtupu una mengi ya kusimulia. Timu ikishinda, chini ya viti kuna glasi tupu, bisi zimemwagika kwa kurukaruka, skafu zilizosahauliwa, na ukibahatika, glovu za mtoto. Timu ikifungwa mapema unakuta bia zimeachwa nusu, safu kwa safu, na mikate ya soseji iliyoumwa mara moja. Watu wameinuka wakaenda zao. Msimu ule nilimwaga bia nyingi sana.

Nilifanya kazi na mzee mmoja Mmarekani, shabiki tangu siku za Gilbert Perreault, nyota wa zamani wa Sabres. Usiku mmoja tumekaa kupumzika akanisimulia mechi ya tarehe 26 Machi 2015, miezi michache kabla sijafika. Buffalo walikuwa wa mwisho kwenye msimamo, wageni wao Arizona wakiwa wa pili kutoka mwisho. Mechi ikaenda muda wa nyongeza. Sam Gagner wa Arizona akafunga. Na uwanja wa Buffalo, nyumbani kwao, ukashangilia. Watu wakainua mikono juu. Mzee aliniambia mbele yake alikaa baba na mtoto wake wa kiume, mtoto akageuka akauliza kwa nini tunapiga makofi, na yule baba akamwambia, "Nitakueleza kwenye gari."

Nami niwaeleze hapa hapa. Katika ligi hii, timu zilizofanya vibaya hupewa nafasi za mbele katika kuchagua vijana wapya kila mwaka. Nia ya kanuni ni njema, mnyonge apate chipukizi, ainuke. Mwaka 2015 kulikuwa na kijana mmoja, Connor McDavid, ambaye kila mtu alijua atakuja kuwa bora kuliko wote. Uongozi wa Sabres ukaibomoa timu. Wachezaji hawakuambiwa wafungwe. Waliondolewa tu wale wanaoweza kushinda. Vanek akauzwa, Miller kipa mkubwa akauzwa. Msimu wa 2014-15 kipa Enroth akaanza kudaka vizuri, akauzwa Februari. Neuvirth akadaka vizuri kuliko yule, akauzwa Machi. Mnaelewa maana yake? Kipa anadaka, anapelekwa sokoni kwa sababu anadaka.

Wakamaliza wa mwisho kwa pointi 54. Kisha ikaja bahati nasibu, na wa mwisho alikuwa na asilimia 20 tu ya kushinda ile nafasi ya kwanza. Asilimia 20! Mpira ukaiangukia Edmonton, Edmonton wakamchukua McDavid. Buffalo wakachagua wa pili, wakampata Eichel. Wazee wetu walishasema mchagua nazi hupata koroma. Na kumbe koroma yenyewe ilikuwa nazi nzuri, nasi tukashindwa kuikuna.

Nisikilizeni hapa. Miaka ile miwili ya kuitafuta nafasi ya mwisho haikuishia kwenye karatasi. Iliingia kwenye kuta. Watoto wa miaka 18 na 19 waliletwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo ambacho wakubwa wake wote wamefukuzwa, wakajifunza kazi kutoka kwa watu waliokuwa wakifungwa kila usiku. Aprili 2018 O'Reilly, mwenye jezi hii, alisema wazi kwamba kufungwa kumewaingia mwilini, na kwamba kuna nyakati msimu ule alipoteza mapenzi yake kwa mchezo. Mtu mzima, analipwa mamilioni, anakiri mbele ya kamera kwamba ameacha kupenda kitu alichokipenda tangu utoto. Miezi mitatu baadaye akauzwa. Badala ya kutibu ugonjwa, walimtoa nje yule aliyeutaja.

Baada ya hapo mnaona namna timu inavyocheza. Novemba 2018 walishinda mechi 10 mfululizo, wakapanda hadi kileleni mwa ligi, mji ukafurika furaha, na mwisho wa msimu wakakosa mtoano. Mwaka 2021 walicheza mechi 18 bila ushindi hata mmoja. Mwaka 2023 wakakosa kwa pointi moja. Moja tu: wao 91, Florida 92. Florida wakapita kwenye upenyo huo huo na kufika fainali. Upepo ukivuma kidogo tu, timu isiyozoea kushinda inatetemeka, kwa sababu ndani yake hakuna aliyewahi kuvuka mto huo akajua kina chake.

Je, shabiki aliyeshangilia bao la Arizona analaumiwa? Nilimwuliza yule mzee kama naye alipiga makofi. Akanyamaza. Akachukua ufagio, tukaendelea na safu iliyofuata. Mimi nasema alidanganywa. Aliambiwa kwamba huu ndio ujanja, kwamba maumivu ya leo ni malipo ya kesho, na aliyemwambia alikuwa na tai na ofisi. Shabiki hana kura. Anayo tiketi tu, na siku hizi hata tiketi nyingi anaziacha.

Basi tuje kwenye mwenye timu. Terry Pegula, tajiri wa gesi, aliinunua Sabres Februari 2011 kwa dola milioni 189. Siku ya kutambulishwa alimwona Gilbert Perreault amekaa pale, shujaa wa ujana wake, na sauti ikamkwama. Akatangaza kwamba kuanzia siku ile sababu ya Sabres kuwapo ni kutwaa Kombe la Stanley. Niliiona video yake, na naamini alimaanisha. Sitasimama hapa kumwita mtu mbaya. Amejenga viwanja vya barafu pale karibu na ziwa ambako watoto wetu wanajifunza kuteleza. Mke wake, Kim, aliyezaliwa Korea na kulelewa hapa Marekani, moyo wake ulisimama Juni 2022 na bado familia inabeba mzigo huo. Tumwombee.

Lakini mapenzi na uongozi ni vitu viwili. Mnajua ana timu nyingine, Bills, ya futiboli ya Kimarekani, aliyoinunua 2014 kwa dola bilioni 1.4. Bills nao walikuwa na ukame wao, misimu 17 bila mtoano, mrefu kuliko huu. Mwaka 2017 akamwajiri kocha McDermott na meneja Beane. Ukame ukaisha mwaka ule ule. Mwaka uliofuata, 2018, wakafanya vibaya, wakafungwa mechi 10 kati ya 16. Hakumfukuza mtu. Akawaacha wafanye kazi. Tangu 2019 hawajakosa mtoano hata msimu mmoja, na watu wale wawili wakaachwa wadumu kazini miaka mingi. Ni mwenye mali yule yule, katika mji huu huu, kwa theluji na kodi zile zile, na bila mnazi.

Ndiyo maana siukubali udhuru wowote mwingine. Kwa Sabres alifanya kinyume. Tangu amfukuze Regier 2013 ameajiri mameneja wakuu watatu: Murray, Botterill, Adams. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuwa meneja mkuu wa timu ya NHL kabla ya kukabidhiwa timu hii. Adams alitolewa kwenye upande wa biashara wa klabu hiyo hiyo. Alikuwa mchezaji zamani, mtu mwungwana, lakini hakuwa amewahi kuendesha idara ya hoki. Na siku alipopewa kazi, Juni 2020, watu 22 wa idara ile walifutwa kazi, wengi wao wasaka vipaji, wale wanaozunguka viwanja vya baridi vijijini kumtafuta kijana ambaye hakuna mwingine amemwona. Penye wazee haliharibiki neno, tunasema. Hapa wazee walitolewa nje siku moja, na kijana mgeni akaachwa na ufunguo wa ghala.

Mtanijibu: lakini Adams amepewa miaka mitano, si ndio huo uvumilivu unaoutaka? Nimelifikiria sana hilo. Uvumilivu ulikuja, ukamwangukia mtu aliyekuwa mgeni kwenye kazi hiyo. Murray alifukuzwa baada ya miaka mitatu, Botterill mitatu, kila mmoja akianza kubomoa alichojenga mwenzake. Halafu Pegula alipotulia, akatulia kwa mtu aliye karibu naye. Ukiniuliza lawama nyingi zaidi ziende wapi, nitakuonyesha mkono unaochagua wachaguzi. Wachezaji wamepita, makocha sita wamepita na wa saba ni yule wa kwanza, mameneja wamepita. Mkono huo ni ule ule tangu 2011. Mpango wa kuitafuta nafasi ya mwisho haupiti mahali popote bila mwenye mali kuukubali, na hadi leo sijasikia popote mtu yeyote wa klabu akisimama kuuomba mji radhi kwa ajili ya ile Machi 2015.

Vijana wengine wamenifuata wakasema, mzee, kwa nini ujisumbue na timu ya Wazungu, hoki si mchezo wetu. Nairobi kuna timu, Ice Lions, waliojifunzia kwenye barafu ya hotelini, na mwaka jana Kenya ikaingizwa kwenye shirikisho la dunia la mchezo huu. Kwa hiyo "wetu" na "wao" tuliweke kando. Mimi najisumbua kwa sababu jina lililo kwenye jezi ni la mji niliozikia mama yangu. Pale St. Louis, pale Vegas, pale Florida, mji mzima ulitoka barabarani siku moja, weusi kwa weupe, wakakumbatiana na watu wasiowajua. Nataka siku hiyo hapa. Nataka niwe kwenye barabara ya Main na watoto wangu, na yule mzee wa ufagio awe hai aione.

Mwezi ujao msimu mpya unaanza. Wiki mbili zilizopita nilikwenda na binti yangu, mara hii duka la jezi mpya. Nilikuwa nimeweka akiba. Akachagua namba 26, Rasmus Dahlin, nahodha, beki kutoka Uswidi aliyeletwa hapa 2018 akiwa na miaka 18 na hajaonja mtoano hata siku moja. Muuzaji akaikunja, nikalipa. Tukiwa bado tumesimama pale kwenye kaunta akaniuliza, "Baba, na huyu ataondoka lini?"

Nikamwambia mkataba wake unafika 2032. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Nitakuwa na miaka kumi na sita." Kisha akaitoa kwenye mfuko, akaivaa hapo hapo juu ya koti, ikamfika magotini.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.